Virusi vya Tumbo: Tunaumwa Wote, Wanaumia Wachache

Kila mwanzo wa muhula una ugonjwa wake. Vyumba vya hosteli vimejaa, wengine wamebebana wawili kitanda kimoja, maji yanatoka kwa zamu, na vyoo viwili vinahudumia korido nzima. Basi akitokea mtu kaenda chooni mara nne usiku, asubuhi anaamka na jibu mkononi: "Ni zile chipsi za jana." Mwenzake atasema ni maji ya bomba. Wa tatu atasema, "Hiyo taifodi hiyo, nenda kapime." Wa nne, ambaye wala hajaulizwa, atafungua begi na kutoa vidonge vya Flagyl vilivyobaki muhula uliopita. Baada ya siku mbili mgonjwa yuko fiti, Flagyl inapewa sifa zote, na muuza chipsi anapoteza wateja. Siku ya tatu yule mwenye Flagyl naye anaendesha, na yeye hata hizo chipsi hakuzila.

Makala haya yanahusu hicho kilichompata huyo wa mwisho. Kwa kuwa nasoma ualimu, nimeyapanga kama somo. Mwisho wa somo hili msomaji aweze:

1. Kueleza virusi vya tumbo ni nini, na vinatofautianaje na taifodi, kipindupindu na kuhara damu.
2. Kueleza ni nani huambukizwa na ni nani huumizwa zaidi, na kwa nini majibu ya maswali hayo mawili hayafanani.
3. Kumhudumia mgonjwa chumbani, nyumbani au shuleni bila kubahatisha.

Majina yanatuchanganya

Tuanze na lugha, maana hapo ndipo tunapopotea kwanza. Kiswahili hakikosi maneno ya tumbo. Homa ya matumbo ni taifodi. Husababishwa na bakteria, na mara nyingi huja na homa inayopanda siku hadi siku, kichwa kuuma na mwili kuchoka. Wapo wagonjwa wa taifodi ambao hawaharishi kabisa, tena wengine hufunga choo. Kipindupindu nacho ni bakteria: choo cha maji matupu, mengi, kama maji yaliyooshea mchele, na mtu mzima mwenye nguvu zake anaweza kufa ndani ya saa chache asipopata matibabu. Kuhara damu kunaweza kuletwa na bakteria au na amiba.

Sasa "tumbo la kuendesha" ni ugonjwa gani? Si ugonjwa. Ni dalili. Na miongoni mwa visababishi vya dalili hiyo, virusi viko mstari wa mbele, hasa kwa watoto wadogo, lakini ugonjwa wake hauna jina la kila siku mtaani. Kitu kisicho na jina hupewa jina la jirani yake. Ndiyo maana kila anayeharisha "ana taifodi". Hata kipimo kinaweza kutusaidia kukosea: kile cha damu kiitwacho Widal, ambacho vituo vingi vidogo hukitumia, hutafuta kingamwili, hakimtafuti bakteria mwenyewe, na kinaweza kusema una taifodi wakati huna.

Virusi vinavyojulikana zaidi kwa kazi hii ni virusi vya noro na virusi vya rota. Dalili zake kwa kawaida ni kichefuchefu, kutapika kunakoanza ghafla, kuharisha maji yasiyo na damu, tumbo kusokota, na pengine homa ndogo. Noro huanza kuonyesha dalili kati ya saa 12 na 48 baada ya kuingia mwilini, na kwa mtu mwenye afya huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Hapo unaona kwamba kama ulikula saa mbili usiku na saa nne usiku huohuo ukaanza kutapika, basi hata kama ni noro, hukuipata kwenye sahani ile. Uliipata jana yake, pengine kwenye kitasa cha mlango.

Kwa nini Flagyl hupata sifa isizostahili

Kirusi si kiumbe kamili kama bakteria. Hakina mashine yake ya kujilisha wala ya kujizalisha. Kinaingia ndani ya seli zetu na kuzitumia kuzaana. Virusi vya tumbo hushambulia utumbo mdogo, mahali ambapo ukuta wake umejaa vijinyweleo vinavyofyonza chakula na maji. Vijinyweleo vikiharibika, maji yaliyopaswa kufyonzwa yanabaki ndani ya utumbo, na njia yake ya kutoka unaijua.

Antibiotiki hufanya kazi kwa kuvuruga sehemu za bakteria: ukuta wake, au mitambo yake ya ndani. Kirusi hakina sehemu hizo. Flagyl, ambayo jina lake la kitabibu ni metronidazo, inafaa kwa amiba, kwa giadia na kwa baadhi ya bakteria. Kwa noro na rota haifanyi kitu. Aliyepona siku ya pili angepona siku ya pili hata angekaa bila kidonge. Wahenga walishasema: jogoo awike asiwike, kutakucha. Sisi tumempa jogoo sifa za kuleta asubuhi.

Utauliza, sasa hasara iko wapi, si amepona? Hasara zipo. Kila antibiotiki inayomezwa bila sababu huwapa bakteria waliomo mwilini nafasi ya kuizoea, na siku utakapoihitaji kweli inaweza kukugomea. Baadhi ya antibiotiki zenyewe huleta kuharisha. Kubwa kuliko yote, tukishameza kidonge tunaona kazi imekwisha, tunasahau maji, tunasahau sabuni. Na hizo ndizo dawa zenyewe.

Tulivyokuja kuvijua

Habari ya noro inaanzia shuleni, kwa hiyo sisi watu wa elimu inatuhusu. Oktoba 1968, katika mji wa Norwalk, jimbo la Ohio huko Marekani, wanafunzi na walimu wa shule moja ya msingi walianza kutapika na kuharisha. Ndani ya siku mbili nusu yao walikuwa wameugua. Kisha ugonjwa ukaenda majumbani: takribani theluthi moja ya watu walioishi na wagonjwa hao nao wakaugua, na hao hawakuwahi kula wala kunywa chochote pale shuleni. Wataalamu walitafuta bakteria wa kumlaumu, hawakumpata. Mwaka 1972 Albert Kapikian na wenzake, wakitumia hadubini ya elektroni, waliona vijipunje vidogo mno katika sampuli zilizotokana na mlipuko ule. Kwa mara ya kwanza kirusi cha tumbo kilikuwa kimeonekana kwa macho. Jina "noro" limetokana na Norwalk.

Mwaka uliofuata, 1973, Ruth Bishop na wenzake huko Melbourne, Australia, walichunguza vipande vidogo vya utumbo wa watoto waliolazwa kwa kuharisha wakakuta kirusi kingine. Kilikuwa na umbo la gurudumu, na kwa Kilatini gurudumu ni rota.

Somo la Norwalk ni hili: ugonjwa ulianza kwa wanafunzi, lakini haukubaki kwa wanafunzi. Ulirudi nao nyumbani jioni, mikononi.

Vinapitaje kutoka kwangu kuja kwako

Njia ni moja: kutoka kwenye choo au matapishi ya mgonjwa hadi kinywani mwa mwingine. Inasikika vibaya, lakini tuseme ukweli. Gramu moja ya choo cha mgonjwa inaweza kuwa na mabilioni ya virusi, na inakadiriwa kwamba virusi vya noro visivyofika mia vinatosha kumwambukiza mtu. Kwa hesabu hiyo, uchafu usioonekana kabisa kwa macho unatosha kuambukiza ukumbi mzima. Mtu akitapika, matone madogo huruka na kutua mbali kuliko unavyodhani: kwenye ndoo ya jirani, kwenye mswaki, kwenye sufuria iliyo chini ya kitanda. Virusi vya noro vinaweza kukaa juu ya vitu kwa siku nyingi vikisubiri mkono. Na tusisahau simu. Tunaingia nazo chooni, tunatoka, tunanawa mikono (tukikumbuka), kisha tunaishika simu ileile huku tunakula.

Mgonjwa huanza kuambukiza akiwa bado anaumwa na huendelea baada ya kupona. Virusi vinaweza kuendelea kutoka kwenye choo chake kwa wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo yule anayesema "mimi nimeshapona, leo napika mimi" bado ni mtu wa kuogopwa kidogo jikoni.

Halafu kuna suala la sanitaiza. Tangu Uviko-19 tumezoea: unapita mlangoni, unapuliziwa mikononi, unajiona msafi. Kirusi cha korona kimevikwa koti la mafuta. Spiriti huliyeyusha koti lile na kirusi kinakufa. Noro na rota hazina koti hilo, na noro hasa huvumilia spiriti vizuri tu. Dawa yake ni sabuni na maji yanayotiririka, ukisugua kwa sekunde 20 hivi, mpaka katikati ya vidole na chini ya kucha. Sabuni haikiui kirusi, inakibandua, na maji yanakipeleka chini. Ndiyo maana maji ya kwenye beseni moja wanalonawia watu kumi hayasaidii: kilichobanduliwa kwa wa kwanza kinamngoja wa pili.

Hapa naomba niiambie serikali yetu ya wanafunzi neno moja. Mlango wa kafeteria wenye chupa ya sanitaiza na bomba lisilo na maji haujatulinda na ugonjwa huu. Tukidai kitu mwaka huu, tudai maji na sabuni vyooni na kafeteria. Ni dai dogo kuliko bumu, lakini linamgusa kila mtu.

Nani huambukizwa, nani huumia

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Swali la "virusi hivi humpata nani?" kwa kweli ni maswali mawili.

La kwanza: nani huambukizwa? Jibu: yeyote. Inakadiriwa kwamba kila mwaka watu milioni 685 duniani huugua kwa virusi vya noro, na kati yao milioni 200 ni watoto walio chini ya miaka 5. Vipo Dar es Salaam, vipo London, vipo kwenye meli za kitalii za matajiri. Ukiugua leo haina maana umemaliza, kwa sababu aina zake ni nyingi na kinga unayoipata haidumu maisha yote. Vinapenda mahali watu wanapokula, kulala na kujisaidia pamoja: mabweni, shule, kambi za wakimbizi, magereza, wodi, nyumba za kulelea wazee. Kwa hiyo tuache tabia ya kumcheka anayeharisha kwamba ni mchafu. Msafi anayelala chumba kimoja na mgonjwa yuko hatarini kuliko mchafu anayeishi peke yake.

La pili: nani huumia? Hapa jibu ni tofauti kabisa. Noro peke yake inakadiriwa kuua watu wapatao 200,000 kwa mwaka. Kati yao 50,000 hivi ni watoto, na karibu wote wako katika nchi zinazoendelea. Rota ndiyo inaonyesha wazi zaidi. Kabla ya chanjo, karibu kila mtoto duniani, wa tajiri na wa maskini, aliambukizwa rota kabla hajafika miaka 5. Mtoto wa Melbourne aliugua, mtoto wa Sumbawanga aliugua. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipokadiria vifo vya mwaka 2004, vilikuwa zaidi ya 500,000, na vingi mno vilikuwa Afrika na Asia. Kirusi kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni umbali wa kufika zahanati, hali ya lishe ya mtoto, na kama nyumbani kulikuwa na mtu anayejua cha kufanya saa nane za usiku.

Kwa nini watoto? Tufanye hesabu ndogo. Chukua mtoto wa miezi minane mwenye kilo 8. Akipoteza mililita 800 za maji, hata lita moja haijafika, amepoteza asilimia 10 ya uzito wake. Hiyo ni hatari ya kifo. Mwanafunzi wa kilo 60 akipoteza mililita hizohizo 800, amepoteza asilimia 1 na kidogo. Atasikia kiu, atanung'unika, atakosa semina. Tena mwanafunzi anaweza kuamka akachota maji. Mtoto hawezi kusema ana kiu, anaweza kulia tu, na akizidiwa hata kulia anaacha.

Wengine wanaoumia ni wazee, ambao miili yao haitoi taarifa ya kiu upesi na mara nyingi wana maradhi mengine, wajawazito, watoto wenye utapiamlo, watu ambao kinga yao imeshuka kwa VVU au kwa matibabu ya saratani, na wagonjwa wa selimundu, ambao upungufu wa maji unaweza kuwaletea maumivu makali ya mifupa. Katika korido yako huenda yupo mmoja wao na hajakwambia.

Kisa cha meno ya plastiki

Sehemu kadhaa za nchi yetu bado kuna imani kwamba mtoto mchanga akiharisha na kupata homa ameota "meno ya plastiki", na kwamba lazima yang'olewe la sivyo atakufa. Yanayong'olewa ni meno halisi ya utotoni ambayo bado hayajachomoza, na hung'olewa kwa vifaa visivyo safi. Mtoto anayeishiwa maji anaongezewa kidonda, damu inayotoka na hatari ya maambukizi mapya.

Kumcheka bibi hakusaidii. Bibi aliona kitu cha kweli: kuharisha na kuota meno huja wakati mmoja. Kosa ni kudhani kimoja kimezaa kingine. Kuanzia miezi sita mtoto anaota meno, lakini ndicho kipindi hichohicho anapoanza kutambaa, kuokota kila kitu na kukitia mdomoni, kula uji na maji ya nje ya titi, na ile kinga aliyopewa na mama tumboni inapungua. Rota kali huwapata zaidi watoto wa kati ya miezi sita na miaka miwili. Meno yalikutwa tu mahali pa tukio. Tukiieleza hivyo kwa heshima, mzazi anasikiliza. Tukiieleza kwa dharau, ataondoka na mtoto wake aende kwa mng'oaji.

Cha kufanya: maji, chumvi, sukari

Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Dripu ziliisha. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake wakachanganya sukari, chumvi na magadi ya kuokea katika maji, wakawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, ambavyo vilikuwa takribani asilimia 30, vilishuka chini ya asilimia 4. Kile kilikuwa kipindupindu, lakini kanuni ni ileile kwa virusi, kwa sababu kinachoua ni kuishiwa maji.

Siri iko kwenye sukari. Utumbo, hata ulioumia, bado una milango inayofunguka pale sukari na chumvi zinapofika pamoja, nazo zikiingia maji yanazifuata. Maji matupu hayarudishi chumvi iliyopotea. Soda ina sukari nyingi mno, na sukari iliyozidi huvuta maji kuyaingiza ndani ya utumbo na kuzidisha kuharisha. Kwa hiyo:

Nunua pakiti ya ORS duka la dawa. Soma kwenye pakiti ni ya lita moja au nusu lita, ichanganye yote kwa maji safi na salama ya kipimo hicho, na yasipoisha ndani ya saa 24, mwaga utengeneze mengine. Ukikosa pakiti, tumia lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikisawazishwa juu, visiwe na kilima. Usizidishe chumvi, inaweza kumdhuru mtoto.

Kila baada ya kuharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu kikombe. Wa miaka 2 hadi 10 apewe nusu hadi kikombe kizima. Mkubwa anywe kadiri anavyoweza. Akitapika, subiri dakika 10, kisha anza tena taratibu, kijiko kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya, na anayekula aendelee kula. Kituo cha afya humpa mtoto vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 kama hajafika miezi sita. Dawa za kufunga tumbo usimpe mtoto.

Usisubiri nyumbani ukiona haya: damu kwenye choo, homa kali, kutapika kila kitu, choo cha maji mengi kama ya mchele, macho kudidimia, kulia bila machozi, utosi wa mtoto kubonyea, ngozi ikifinywa kurudi polepole, kutokojoa kwa saa sita au zaidi, au kulegea na kusinzia kusiko kwa kawaida. Hapo ni zahanati, na hapo hapo.

Chumbani

Matapishi yasifagiliwe makavu. Vaa glavu au mifuko ya plastiki mikononi, fungua madirisha, funika kwa karatasi au kitambaa, ondoa, kisha mimina jiki. Kwa jiki ya asilimia 3.5, sehemu moja ya jiki kwa sita za maji. Acha dakika 10 ndipo upanguse. Usichanganye jiki na sabuni nyingine za chooni, moshi wake ni sumu. Kitasa, bomba na swichi navyo vipate haki yake. Nawa kwa sabuni.

Mgonjwa asiwapikie wengine mpaka zipite angalau saa 48 tangu kuharisha na kutapika kukome. Na hili la mwisho ndilo zito kuliko yote: usipande basi kwenda nyumbani ukiwa unaendesha, kama unaweza kusubiri. Kwako ni siku mbili za usumbufu. Nyumbani kuna mpwa wako wa miezi minane ambaye kitu cha kwanza utakachofanya ukifika ni kumbeba, na kuna bibi atakayekushika mikono yote miwili.

Kwa walimu watarajiwa

Tukienda mafunzo kwa vitendo tutakutana na darasa la watoto themanini au mia. Mwongozo wa nchi unasema tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Ukifika shuleni hesabu mwenyewe uone. Huwezi kujenga vyoo ndani ya wiki nane, lakini yapo unayoyaweza. Kibuyu chirizi kinahitaji dumu, kamba, vijiti na kipande cha sabuni. Watoto wa darasa la nne wanaweza kukitengeneza kwa kipindi kimoja, na hapo umefundisha sayansi pia. Soma daftari la mahudhurio kama daktari: watoto watano wa dawati za jirani wakikosekana siku moja, mwambie mkuu wa shule. Mtoto akiomba ruhusa ya kwenda chooni mara ya tatu, mpe. Aliyejichafulia mtoe kwa staha, wala usimchape, maana akiadhibiwa leo kesho ataficha, na wenzake nao wataficha.

Kisha kuna chanjo. Tanzania ilizindua chanjo ya rota mwishoni mwa 2012, ikaanza kuwafikia watoto 2013. Ni matone ya mdomoni, wiki ya 6 na wiki ya 10 baada ya kuzaliwa. Wengi wetu tunaosoma jarida hili tulizaliwa kabla yake, hatukuipata. Wadogo zetu walioko shule za msingi wameipata. Haizuii kila kuharisha, wala haina kazi kwa noro, ambayo bado haina chanjo ya kutolewa kwa watoto. Inachofanya ni kumkinga mtoto na ile rota kali, ya kulazwa na ya kuzika. Kwenye kikao cha wazazi, baada ya habari za michango na sare, dakika mbili za kuuliza nani ana mtoto mchanga nyumbani na kadi yake ikoje zinatosha.

Zoezi

1. Mwenzako ameharisha mara tano tangu usiku, hana damu wala homa. Anataka antibiotiki. Mweleze kwa sentensi tatu kwa nini asinywe, na umpe cha kufanya.
2. Kokotoa: mtoto wa kilo 10 akipoteza nusu lita ya maji, amepoteza asilimia ngapi ya uzito wake? Linganisha na wewe.
3. Tembelea vyoo vya korido yako leo. Vina maji? Vina sabuni? Andika jibu, upeleke kwa mwakilishi wako.
4. Pigia simu nyumbani kwenye mtoto wa chini ya mwaka mmoja. Uliza kama ameshapata matone ya rota, na kama ndani kuna pakiti mbili za ORS. Kama hakuna, zinunue ukienda.